Naomba ushauri: Lautaro kwa kipindi kimoja cha dakika 40

Mwl_Zamu: Habari wakuu. Wanafunzi 24, somo ni Lautaro, kiongozi wa vita wa Wamapuche, wenyeji wa Chile, dhidi ya Wahispania. Nina wasifu wake tu, naona tutaishia "alikuwa shujaa". Nifanyeje waelewe alishindaje?

Mchoraramani: Wasifu dakika 5 zinatosha, mwalimu. Alitekwa akiwa kijana, akahudumia farasi wa gavana Mhispania Pedro de Valdivia, akajua kwamba farasi naye huchoka. Kisha ingia pigano la Tucapel, Desemba 1553, Lautaro alipomshinda Valdivia, na uwatoe wanafunzi uwanjani. Wanne wawe wapanda farasi, 20 wagawe makundi matano. Kundi la kwanza lipambane dakika moja, likimbilie kando, la pili liingie papo hapo. Wapanda farasi marufuku kupumzika. Wakifika kundi la nne watakuwa wanahema, na somo limeeleweka. Kinachoharibu ni makundi yote kuvamia kwa pamoja; msongamano huo ndio farasi walioupenda.

Jabali: Chagua mteremko, makundi yakae juu. Kwenye pigano la Marihueñu, Februari 1554, kamanda Mhispania Francisco de Villagra alikuja na mizinga, akapigania kilimani, mizinga ikatekwa. Baadaye Wahispania wakauhama mji wao wa Concepción. Wamapuche walikuwa na fito ndefu zenye kitanzi za kumwangusha mpanda farasi. Usithubutu kuwapa watoto kamba! Kitambaa kiunoni: kikichomolewa, ameanguka.

Mwl_Zamu: Na Valdivia kunyweshwa dhahabu iliyoyeyushwa?

Kalamu Kavu: Achana nayo. Masimulizi ya kifo chake yanapingana. Sema aliuawa Tucapel, basi. Hata zile hotuba tamu za Lautaro ni za mshairi Alonso de Ercilla, aliyefika kwenye vita vya kusini Lautaro ameshauawa. Usiziandike ubaoni kama maneno yake.

Jabali: Bakiza dakika 10 za Mataquito, alikouawa Lautaro, Aprili 1557. Wengi huiruka kwa sababu inatia doa. Lautaro alikuwa kaskazini, mbali na kwao ng'ambo ya mto Biobío, na si wenyeji wote wa huko waliokuwa upande wake. Villagra akaivamia kambi alfajiri. Waulize: kupigana kwa zamu kunasaidia nini watu wakiwa usingizini?

Mwl_Zamu: Nimeelewa. Ila makundi matano, na filimbi ninayo moja.

Mchoraramani: Inatosha. Mlio mfupi ingia, mrefu toka. Wafundishe kutoka kwanza, ndiko kugumu.