Miche ya mikoko inakufa, tatizo nini?

Swali: Kikundi chetu hupeleka watalii kupanda mikoko pembezoni mwa jiji. Miche mingi haimalizi mwaka. Tunakosea wapi?

Jibu: Mara nyingi ni mahali. Watu hupanda kwenye tope tupu la mbele, upande wa bahari, kwa sababu picha zinapendeza, kumbe maji hukaa pale muda mrefu mno. Pandeni usawa uleule inapoota mikoko ya asili. Mbegu ndefu ichomekwe theluthi moja, ncha ya mzizi chini, nafasi mita 1.

Jibu: Kabla ya kupanda, kagueni mikondo ya maji. Kifusi cha ujenzi kikizuia maji kujaa na kupwa, hakuna mche utakaopona. Zibueni, mbegu huletwa na maji yenyewe. Wageni waokote nailoni zinazonasa miche, wapite mstari mmoja wasiikanyage.