Mashua ya mbao msimu wa kusi: nangani, pwani au Mto Pangani?

MwanaSahare:
Wakuu, naomba mawazo. Nina mashua ya mbao yenye mashine ya kupachika, huilaza nangani Deep Sea hapa Tanga. Kusi, huu upepo wa kusini, likikaza, Juni hadi Agosti, sina safari za maana, itakaa tu. Niiache ielee, niipandishe pwani Sahare, au niipeleke Mto Pangani kama wanavyofanya wengine? Mbao za ubavuni ni mwembe. Bajeti ni ya mvuvi, mnaielewa.

FundiDeheni:
Kama ni mwembe, usithubutu kuiacha majini. Mdudu wa kutoboa mbao huingia akiwa mdogo usimwone. Tundu la nje ni dogo mno, lakini ndani anachimba kufuata urefu wa ubao huku akinenepa. Kwa macho ubao ni mzima, gonga kwa nyundo ndipo usikie ulivyo mtupu. Ngoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga au mpevu, yakijaa ipandishe, itie magadi imara, yaani miti ya kuiegemeza, pande zote. Toa tangi la petroli kwanza! Kisha kwangua, pitisha moto wa makuti chini ya tumbo mbao zipate joto bila kuungua, halafu paka shahamu na chokaa. Sehemu za juu ya maji zipake sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu majirani watavumilia.

MgosiWaPangani:
Fundi anasema kweli ila hajamaliza. Chombo cha mbao kikipigwa jua miezi mitatu, mbao hunywea na pamba ya kalafati inayoziba nafasi kati ya mbao inalegea. Siku ya kushusha utakumba maji mpaka mikono ife ganzi. Mtoni mbao hazikauki, na mdudu yule hayawezi maji baridi, yasiyo na chumvi. Lakini usitie nanga pale karibu na kivuko, chumvi hupanda na maji ya kujaa. Nenda juu mpaka uonje maji yasiwe na chumvi hata yakijaa. Tena siku mbili tatu hazitoshi, mdudu huziba tundu lake akajifungia ndani kungoja. Mpe wiki kadhaa. Mlango wa mto nao una mawimbi ya kuvunjika kusi likivuma, kwa hiyo vuka kabla ya Juni. Na mamba wapo, usioge ovyo.

MtangaHelsinki:
Nawasoma niko Ufini, nawaonea wivu na kipupwe chenu. Huku bahari yenyewe inaganda. Maji ya chumvi kamili kama ya kwetu Tanga yangehitaji karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, lakini bahari ya huku, Baltiki, ina chumvi kidogo, haisubiri kufika huko. Wengi hupandisha boti nchi kavu kabla ya baridi. Anayeiacha majini hutandika bomba chini yake linalotoa mapovu ya hewa, yapandishe maji ya chini ambayo yana joto kidogo kuliko ya juu. Wengine huning'iniza pangaboi la umeme ndani ya maji. Umeme ukikatika usiku wa baridi kali, barafu haikungoji.

Ila hasara kubwa mara nyingi haitoki nje. Ni maji yaliyosahaulika ndani ya injini na mabomba: yakiganda hutanuka kama asilimia 9, chuma kinapasuka. Hutolewa yote au hutiwa dawa ya kuzuia kuganda.

Mgosi nakuunga mkono kuhusu mdudu. Sehemu kubwa ya Baltiki hawezi kuishi kwa uchache wa chumvi. Meli ya mbao ya Vasa ilizama Stockholm, kwenye hiyo Baltiki, 1628, ikainuliwa 1961, mbao bado zimeshikana!

BintiRaskazone:
Mimi yangu ya faiba inabaki nangani. Mdudu hali faiba, na ndani ya ghuba Raskazone na kisiwa cha Toten vinatukinga. Napaka chini rangi yenye shaba kuzuia mwani na magamba, mashine naivua, naisuuza kwa maji baridi, naiweka nyumbani. Mashine ikibaki nje hulali kwa kuwaza wezi. Ila kaka, hilo la faiba si lako.

MwanaSahare:
Pangani mafuta ya kwenda na kurudi, na mlinzi juu. Naona pwani. Sasa hilo jua?

FundiDeheni:
Nani kakwambia ikae miezi mitatu? Ipandishe bamvua moja, ishushe bamvua inayofuata, ni kama siku 15. Katikati hapo ezeka makuti juu yake, na jioni mwagia mbao maji ya bahari. Ikishuka iache inywe maji siku moja kabla ya kupachika mashine. Baada ya wiki chache ipandishe tena, choma, paka. Na ubao wowote utakaobadilisha, weka msaji (mtiki), shamba la miti la Longuza pale Muheza upo. Ghali, najua.

MgosiWaPangani:
Hapo nimekubali, kasoro huo msaji kwa bajeti ya mvuvi.

MwanaSahare:
Msaji mwakani. Bamvua ijayo naipandisha, nani ana magadi ya kuazima upande wa Sahare?