Boti ya wagonjwa ya kaunti haina mashine, na mheshimiwa wetu anatukodolea macho kwenye picha ya boti yake

Waungwana, assalamu alaykum.

Nawaandikia kutoka visiwani, kaskazini ya Lamu, na naomba mnisamehe kwamba sitaitaja wadi yangu wala jina la mheshimiwa, yaani diwani wetu katika bunge la kaunti. Watu wa huku watamtambua kwa sifa zake, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu, kwani nahisi nao wana wao wa namna hiyo hiyo.

Mwezi uliopita, upepo wa kusi ukiwa umechachamaa, mke wa ndugu yangu alishikwa na uchungu mara baada ya swala ya isha. Muuguzi wa zahanati yetu alimpima, akatuambia waziwazi kwamba mtoto amekaa vibaya na kwamba mama ni lazima afikishwe hospitali mjini usiku ule ule. Boti ya wagonjwa ya kaunti tunayo. Iko ufukoni, imeegemezwa kwenye magogo ya mikoko, na haina mashine ya kuiendesha tangu mashine hiyo ilipofunguliwa na kuchukuliwa, mwaka mmoja na nusu uliopita, kwa kile tulichoambiwa kuwa ni matengenezo. Watoto huifanya uwanja wa kuchezea, na kuku wa jirani ametagia humo ndani.

Tukaambiwa tumpigie simu mheshimiwa, kwa sababu yeye ana boti. Simu ilipokewa na mpambe wake, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu hali ya mgonjwa. Aliuliza sisi ni watu wa upande gani. Kila mtu hapa anajua maana ya swali hilo. Tuliambiwa tungoje, tukangoja hadi saa tano ya usiku, na wakati huo maji ya bahari yalikuwa yameshaanza kutoka. Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo: kutoka kwetu kwenda mjini wakati wa kusi, mtu hupita ndani, kwenye mkondo wa Mkanda ulio baina ya Manda na bara, kwa kuwa bahari ya nje haina mzaha, na Mkanda wenyewe hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa saa mbili nchi kavu, bahari inaweza kukudai saa sita. Hatimaye jirani yetu, mvuvi wa kamba mawe, alitoa mashua yake na petroli tukakopa dukani. Tulifika Mkanda tukakwama kwenye tope, na tukakaa humo, mgonjwa amelazwa juu ya mkeka na maturubai yameshikwa kwa mikono yasipeperuke, hadi maji yaliporudi karibu na alfajiri. Mtoto alizaliwa hai, alhamdulillahi. Mama yake alilala hospitali siku kumi na moja.

Boti ya mheshimiwa ilipita siku mbili baadaye ikiwa imebeba viti na vipaza sauti vya harusi. Ubavuni ina picha yake, ameweka mkono kifuani, na chini yake maneno ya kuwatakia watu wake afya njema.

Nataka tuelewane kuhusu kosa lenyewe ni lipi, maana nimekwisha kuwasikia wanaosema kwamba mtu akitoa boti yake kwa hiari hapaswi kulaumiwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za zahanati na hospitali zake, huduma za ambulensi, pamoja na vivuko na gati. Kwa hiyo mashine ya boti ile ni jukumu la serikali ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake, na siwezi kumshtaki diwani kwa kutoinunua. Kazi yake yeye imeandikwa katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: awe karibu na waliomchagua na kushauriana nao, apeleke maoni yao bungeni, ahudhurie vikao vya bunge na vya kamati, na awe kiungo baina ya bunge na wananchi kuhusu huduma wanazopewa. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wake.

Someni tena hilo katazo, kisha mfikirie boti yenye picha.

Alichotakiwa kufanya ni kusimama bungeni na kuuliza mashine iko wapi, nani aliichukua, fundi alilipwa kiasi gani na itarudi lini. Swali la namna hiyo halina gharama hata ya shilingi moja. Lakini angeliuliza na mashine ikarudi, nani angempigia simu usiku? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira: mtu huyu anafaidika na ubovu ambao amechaguliwa kuukemea. Kadiri boti ya umma inavyozidi kuoza, ndivyo yake inavyozidi kushukuriwa, na kila anayevushwa hurudi na deni ambalo litadaiwa kwenye debe la kura Agosti 2027.

Tumemjua tangu hajawa mheshimiwa. Mwaka 2013, kaunti zilipoanza, alikuwa mpiga debe wa wakubwa, mtu wa kubeba vipaza sauti na kugawa leso. Mwaka 2017 alijaribu mwenyewe akashindwa, na mwaka 2022 akaja na chama kingine na ahadi nyingine, akapita. Sina neno na safari hiyo. Mtu kuanzia chini si aibu. Neno langu ni kwamba hakuwahi kuacha kazi ya kwanza. Mpaka leo anagawa: matangi ya maji, jezi, mchele wa Ramadhani, na basari, ambazo ni fedha za umma lakini huzitangaza jina kwa jina kama anayetoa mfukoni mwake. Hata fidia ya wavuvi walioharibiwa riziki na ujenzi wa bandari ya Lamu ameifanya yake. Nilimsikia kwa masikio yangu, kwenye maziko, akisema kwamba "tulipigania mpaka tukapata". Kesi ile ilipelekwa mahakamani mwaka 2012 na wananchi wa kawaida, na Mahakama Kuu ilipotoa hukumu mwaka 2018 na kuamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, yeye hakuwa hata diwani.

Kuhusu bajeti nitasema kwa ufupi. Sheria inataka makadirio yafikishwe bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na bunge liwe limepitisha kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni, na baina ya tarehe hizo wananchi wasikilizwe. Mwaka huu sisi tulisikilizwa kwa tangazo lililobandikwa jioni, kwa mkutano wa kesho yake asubuhi, upande wa bara, maji yakiwa yametoka. Watu wanne walifika kutoka kisiwani kwetu, na wawili kati yao ni jamaa zake.

Nikaamua kufuata njia ya karatasi. Katiba, katika ibara ya 194, inasema kwamba mwakilishi anayekosa vikao vinane vya bunge bila idhini ya maandishi ya spika, na bila sababu ya kuridhisha, hupoteza kiti chake. Nilitaka kujua wetu amehudhuria vingapi, kwa sababu kila anapotafutwa huambiwa yuko Mombasa. Nikaandika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nikaomba orodha ya mahudhurio yake na kumbukumbu rasmi za siku yoyote aliyoitaja boti ya wagonjwa ndani ya bunge. Sheria inatoa siku 21 za kujibu. Leo ni siku ya arubaini na tatu. Jibu pekee lililofika halikuja kwangu. Mpambe alikwenda kwa baba yangu, mzee wa miaka sabini na sita, akanywa kahawa yake, kisha akamwambia kwamba kijana wako aangalie asije akaharibu udugu wa watu. Baba alimjibu kwamba udugu hauendi na maji kwa sababu ya barua. Alipoondoka, mzee aliniuliza kama nimeweka nakala. Nimeweka.

Watakaosema ninatumwa na mgombea wa 2027, naomba waitazame kwanza ile boti. Iko mahali pale pale, na hakuna mgombea yeyote aliyekwenda kuitazama.

Sasa tunaandika ombi rasmi kwa bunge la kaunti, ambayo ni haki ya kila mkazi kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha sheria ile ile ya 2012, tukitaka maelezo ya maandishi kuhusu mashine, gharama za matengenezo yanayodaiwa kufanyika, na petroli iliyotengewa boti kwa miaka miwili ya fedha iliyopita. Muuguzi hatatia sahihi, na tusimlazimishe, kwani ajira yake iko mikononi mwa watu hao hao. Mabaharia na wavuvi wamekwisha kukubali. Nahitaji mtu mwenye uzoefu wa kuandika maombi ya namna hii aisome rasimu kabla hatujaipeleka kwa karani wa bunge, na nahitaji zaidi yeyote anayefanya kazi karibu na karakana za boti, iwe Amu (Lamu mjini), Mokowe au Malindi, anisaidie jambo moja: mashine ni ya farasi arubaini, ina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto wa kifuniko, na nambari yake nimeihifadhi kwenye daftari la zahanati. Kama umeiona mahali, hata ikiwa imefungwa kwenye boti nyingine, niandikie faraghani.