Tupeane uzoefu: Kukimbia mbio za barabarani na marafiki katika miji ya kale ya Kusini

Mleta mada, Mtwara mjini

Ndugu wanajamvi, assalamu aleikum na habari za majukumu.

Ninafungua mada hii kwa sababu mbio za barabarani zimeenea hadi kwetu, na vikundi vya jogingi vilivyoanza na marafiki wachache wa mtaa mmoja sasa vinaandaa mbio zao wenyewe, zenye fulana, medali na mgeni rasmi. Ningependa tuzungumzie hasa zile mbio zinazopita au kuishia katika maeneo ya kihistoria, kwa kuwa huko yapo mambo ambayo kamati ya maandalizi isipoyaangalia mapema, wenyeji watageuzwa watazamaji katika mji wao.

Mimi na wenzangu hukimbia kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, umbali wa kilomita zipatazo 10 kwa barabara kuu iendayo Lindi. Sehemu kubwa ya njia hiyo haina mengi ya kusimulia: unafuata ukingo wa lami, unamsikiliza mwenzako anavyohema, na kama ni msimu wa korosho unakaa chonjo na malori yanayopeleka mzigo bandarini. Kwa ajili hiyo tumechagua kipindi cha Juni hadi Agosti, ambapo mvua zimekwisha, kusi inapoza hewa ya asubuhi na msimu wa korosho bado haujafika. Utamu unaanza pale ghuba inapoonekana, kwa maana barabara inaukaribia ufuo wenye minazi na mitumbwi, kisha unaiacha lami na kuingia vichochoroni, ambako nyumba za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa zimesogeleana kiasi kwamba watu watatu hukimbia sambamba kwa shida. Tunamalizia chini ya Boma, lile lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895.

Kundi letu lina desturi moja ambayo ninaitetea kila ninapoulizwa. Tukifika mwanzo wa vichochoro, anayeongoza hupunguza mwendo, wa nyuma wakamfikia, na wote tukaingia mjini kwa mchakamchaka, mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia. Wapo wanaosema kwamba hilo linaua ushindani. Mimi naamini kwamba anayetafuta muda wake bora ana lami ndefu ya kuutafutia, na kwamba kichochoro ambamo bibi anafagia mlango wake hakifai kuwa uwanja wa kugombania nafasi ya tatu. Isitoshe, rafiki aliyebanwa na kichomi njiani akajua kuwa atasubiriwa, hukaza mwendo kuliko aliyekwisha kukata tamaa ya kutuona.

Naomba wenye uzoefu wa Mikindani, Lindi, Kilwa na kwingineko watueleze waliyoyaona.

Mwanachama, mkazi wa Mikindani

Ahsante sana kaka kwa mada hii. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, nimekimbia, na pia nimesimama kando ya njia na ndoo ya maji nikiwahudumia wakimbiaji, kwa hiyo nitaeleza tunavyoziona mbio sisi ambao zinapita mlangoni kwetu.

Waliwahi kuja waandaaji kutoka nje, ambao sitawataja, wakafunga utepe kwenye kichochoro saa ile ile ambayo akina mama wanashuka pwani kununua samaki wa kukaanga, bila mtu yeyote kuarifiwa. Lakini lililoniuma zaidi ni spika. Waliipigilia misumari kwenye ukuta wa nyumba ya kale ili itundikwe juu. Plasta ya chokaa ya zamani ikipigwa msumari haitoboki tu. Inabanduka kipande kizima, jiwe linabaki wazi, na mvua za Desemba zikianza maji yanapenya hadi ndani ya ukuta. Baadaye pengo likazibwa kwa saruji, na hapo tatizo likaongezeka, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko chokaa na inafungia unyevu ndani, hivyo ukuta unazidi kuoza pembezoni mwa kiraka. Kila nikipita pale naona rangi ya kijivu katikati ya weupe uliofifia, na unga wa chokaa umemwagika chini yake kwenye baraza.

Kundi la vijana wa kwetu lilipotaka kuandaa mbio zake lilifuata njia tofauti kabisa. Walikuja kukaa barazani na wazee mapema, wakiwa na mwenyekiti wa mtaa, wakauliza siku gani inafaa na njia ipi isiwaudhi watu. Wazee wakashauri waepuke Ijumaa, waanze baada ya watu kutoka kuswali Alfajiri na kupata nafasi ya kunywa chai, na wachague Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi, ili wakimbiaji wakimaliza washike mafagio pamoja na wenyeji. Spika ikawekwa juu ya bajaji, na ilipokaribia jengo ambalo sote tunaliita soko la zamani la watumwa ikazimwa.

Jambo la kuzima muziki lilitoka kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, nami nadhani ndilo lililozipa mbio zile heshima. Wakimbiaji walisimama pale wakiwa bado wanatweta, naye akawaeleza kwamba njia za misafara zilizotoka upande wa Ziwa Nyasa zilishukia pwani hii, na kwamba watu waliofungwa minyororo walitembea umbali ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukimbia. Akawakumbusha pia kwamba David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866 alianzia hapa. Kijana mmoja aliyekuwa mbele kabisa, ambaye angeweza kuondoka na kushinda, alibaki amesimama mpaka mzee alipomaliza, ndipo mbio zikaendelea.

Baada ya hapo yalikuwa ni maneno ya furaha tu. Vitumbua, madafu na supu ya pweza viliuzwa na akina mama wa mtaa, siyo na mzabuni kutoka mbali, na hela ikabaki Mikindani. Ombi langu kwa kamati zote ni kwamba jambo hilo la chakula liandikwe kwenye mpango tangu siku ya kwanza, kwa maana likiachwa mpaka mwisho huwa halifanyiki.

Mwanachama, muuguzi, Lindi mjini

Nitagusia afya pekee. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, na kwa sababu hiyo jasho halikauki mwilini upesi. Mkimbiaji anatoa jasho jingi lakini hapoi. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, na mtu wa mwisho awe amefika kabla ya saa 3. Mkimkuta mwenzenu anayumba, anajibu maneno yasiyoeleweka au hajui yuko wapi, msimwambie ajikaze. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na mumpepee hapo hapo huku gari likitafutwa, kwa kuwa kumpoza kwanza ndiko kunakookoa maisha. Vilevile msishindane kunywa maji. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa chumvi mwilini hadi akachanganyikiwa, hivyo kila kituo kiwe na ORS iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Hapa ndipo ukimbiaji wa marafiki unaponipendeza: anayekufahamu ndiye anayegundua mapema kwamba sauti yako imebadilika.

Mwanachama, mwalimu, Kilwa Kivinje

Nashukuru kwa mchango wa dada wa Mikindani. Sisi huku tunakimbia na wanafunzi pamoja na wazazi wao, na njia yetu inapita penye mnara wa kumbukumbu, mahali palipokuwa na Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kuongoza mapambano dhidi yao, yaani miaka 10 kabla ya vita vya Majimaji kuanza katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905.

Kulikuwa na mjadala mkali ndani ya kamati yetu, kwa sababu baadhi ya wajumbe walitaka mstari wa kumalizia uwekwe pale mnarani ili picha zipendeze. Nilipinga, nami nashukuru kwamba niliungwa mkono. Mahali walipofia watu hapafai watu kurukaruka na kumwagiana maji. Tulikubaliana mnara uwe mwanzo: watoto wanafika, wanasoma maandishi, mmoja wao aliyejiandaa anaeleza kwa maneno yake yaliyotokea, tunanyamaza kidogo, ndipo kipenga kinapulizwa. Nimegundua kwamba mtoto aliyesimulia habari za Makunganya mbele ya wazazi wake hazisahau kama anavyosahau zile za darasani. Mbio zinamalizikia ufukweni, na huko washangilie watakavyo.

Mwanachama, Kilwa Masoko

Kwa wanaouliza kuhusu Kilwa Kisiwani: naomba msipange mashindano ya kasi ndani ya magofu. Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa hazistahimili watu wanaozikanyaga wakitafuta njia ya mkato. Kimbieni huku Masoko, kisha vukeni kwa mashua mkiwa mmepumzika, mtembee taratibu na mwongozaji wa kule kisiwani.

Mwanachama, Newala

Naomba kuuliza. Sisi tunaanza, na kila mwenye bodaboda anatupa kipimo tofauti cha njia yetu. Tupimeje? Na barua ya kibali tuipeleke wapi?

Mleta mada, Mtwara mjini

Ndugu wa Newala, achaneni na mita ya bodaboda. Chukueni baiskeli, pimeni kwa utepe sehemu iliyonyooka ya barabara, iendesheni hapo mara kadhaa huku mkihesabu mizunguko ya gurudumu, kisha iendesheni kwenye njia yote kwa kufuata mkato mfupi zaidi ambao mkimbiaji anaruhusiwa kupita kwenye kona. Upepo wa tairi usibadilishwe kati ya vipimo hivyo. Kwa kila kilomita ongezeni mita 1, kama inavyofanyika katika upimaji rasmi, ili njia isije ikawa pungufu; kwa hiyo kilomita 10 zitakuwa na mita 10 za ziada.

Kuhusu kibali, anzeni na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na mtendaji wa kata, halafu barua iende halmashauri na nakala polisi, ili trafiki wajipange kwenye makutano. Njia ikigusa eneo la mambo ya kale, ombeni ruhusa ya wanaolisimamia kabla ya kuchapisha fulana, kwa sababu wakiwataka mbadilishe njia, ramani iliyo mgongoni haitabadilika.