Ushauri: hatubatizi, lakini mke wangu anataka mtoto awe na mama wa ubatizo

Baba_Kitambaa
Jamani habari zenu, mie mtu wa Makunduchi nnakaa Fuoni, mke wangu mtu wa Moshi kakulia kwenye Ukatoliki, tulioana bomani Dar na ukweli dini hatuishiki sote wawili, yeye kanisani mpaka kuwe na harusi na mie msikitini mpaka kuwe na maziko. Tuna mtoto wa kike ndo anaanza kutambaa. Sasa mke wangu anataka awe na mama na baba wa ubatizo, ubatizo wenyewe hautaki, anataka hao watu tu. Anasema mama yake wa ubatizo ndo alomlipia ada baba yake alipoyumba, na mpaka leo wakigombana na mama yake mzazi yule ndo wa kukimbilia. Nikamwambia huku kwetu mtoto ana shangazi, ana ami, ana khaloo, na majirani wasoombwa ushauri wanatoa, huyo mwengine wa nini? Akanuna. Nikifikiri naona ana haki, ndugu hukuwachagua.
Swali, nani wa kumpa? Lazima wawili? Na tukifa sote mtoto anakwenda kwao? Mamangu bado hajui, yeye anauliza akika tu.

Ustadh_Daladala
Kaka, hicho cheo kwetu hakipo. Mtoto haki yake jina zuri na akika, wa kike mbuzi mmoja, siku ya saba ikikupita fanya hata leo. Walii wake, mwenye mamlaka juu yake, ni weye, ukiondoka ni babu yake mzaa baba. Mengine mnajitafutia tabu, rudi msikitini kwanza.

Kolekole
Ustadh mtu kauliza nani amshike mtoto mkono, hakuuliza njia ya msikiti 😂

Mama_Nne
We baba acha kumnunisha mwenzio, kitu anachotaka tunacho sisi. Mtoto wa kike ana somo! Mie somo wangu hakuwa ndugu yangu hata chembe, alikuwa jirani wa mamangu pale Jang'ombe, nilipovunja ungo ndo nilokabidhiwa kwake akanifunza usafi na heshima na mambo yote ambayo mamangu mdomo ulikuwa mzito kuyasema, na harusi yangu alisimama yeye, na mume wangu akinizingua hata sasa nnaanza kwake kabla ya kwenda kwetu. Hakuna alouliza anaswali vipi, waliangalia mdomo wake una kufuli au hauna. Basi mtafuteni mapema, msingoje akue, awe mtu anaingia kwenu bila ya hodi. Na asiwe tajiri jamani, mkimchagua kwa pesa mtoto atamuona sikukuu kwa sikukuu.

Mchaga_wa_Mbweni
Shemeji mie Mkatoliki nnasali Minara Miwili, nikusaidie hapo. Kwa kanisa msimamizi wa ubatizo ana masharti, awe ametimiza miaka 16, kapata kipaimara na anaishi imani, na paroko lazima aone matumaini kwamba mtoto atalelewa kwenye dini. Nyie hamna hayo, kwa hiyo msiende kumdanganya padri ili mpate picha na keki. Mmoja anatosha hata kanisani, hiyo ya lazima wawili ni mazoea.

Karani_Mstaafu
Hapo pa "tukifa anakwenda kwao" ndipo pa kuwa macho. Mama wa ubatizo, somo, hata umwite malkia, kisheria hana mamlaka yoyote juu ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inatanguliza maslahi ya mtoto, na ugomvi wa nani amlee ukifika mahakamani haumalizwi kwa picha ya sherehe. Andikeni nani mnataka amlee, mtie saini mbele ya mashahidi, na wazee wa pande zote wajue mkiwa hai.
La pili hujaliuliza lakini nnalisema. Weye una jina la Kiislamu, ukifa ndugu zako watataka mirathi ya Kiislamu, na hapo mke asiye Muislamu hakurithi. Utakachoweza kumuachia kwa wasia hakizidi theluthi. Nyumba ya Fuoni ya nani? Mnagombania mama wa ubatizo na mama mzazi hana pa kulala!

Mpemba_Ughaibuni
Huku Ufaransa niliko hili lipo tangu Mapinduzi yao, sheria ya 1794, mtoto anapelekwa kwa meya na wasimamizi wawili, hakuna padri. Nilialikwa mara moja, meya kasoma maneno, watu wakatia saini, tukenda kula. Lakini Karani kasema kweli, hata huku karatasi ile haina nguvu ya sheria, na meya halazimiki kuifanya.

Baba_Kitambaa
Karani umenitia joto, nyumba ina jina langu peke yangu, kesho naanza na hiyo. Nimemsomea mke wangu ya Mama Nne kacheka, kumbe kishapata mtu, mwenzake wa dukani mtu wa Wete, mtoto akimuona analia kwa mama yake aende kule. Mie nilikuwa namtaka rafiki yangu wa Dubai 🙈 Kwenye karatasi ya ulezi tumekubaliana dada yangu, yuko hapa hapa Fuoni na mke wangu wanaelewana. Sherehe hatufanyi, tutapika pilau. Akika mama afanye, simzuii, mke wangu nae kasema nyama ni nyama.

Mama_Nne
Wa Dubai alete nepi. Na huyo wa Wete mshamuomba kwa mdomo au mnangoja ajijue mwenyewe?

Baba_Kitambaa
Bado. Mke wangu anasema niende mie.

Mama_Nne
Weye ukamuombe somo wa mtoto wa kike? Hasha, muache mkeo aende, na asende mikono mitupu.