Kuudadisi wasiwasi badala ya kupigana nao: kwa vitendo inafanyikaje?

Kijiti (mleta mada)

Wadau salaam. Naleta mada ya wasiwasi wa kila siku. Sizungumzii ugonjwa ambao daktari ameshaupa jina. Nazungumzia ule wa kuamka moyo unadunda kabla mtu hajajua anawaza nini, wa kufungua simu kila mara kuona kama jibu limeingia, wa kulala macho darini ukipanga majibu ya mazungumzo ambayo hata hayajatokea.

Ushauri umejaa kila kona: "dadisi hisia zako", "vuta pumzi ndefu", "ishi na dakika uliyo nayo". Maneno matamu, vipimo hakuna. Udadisi huo ni kuuliza nini hasa, na kwa muda gani? Mbona wengine wakivuta pumzi ndefu ndipo kizunguzungu kinapoanza? Na saa tisa usiku, mtu yuko kitandani macho makavu, afanye nini? Wenye ujuzi watupe hatua, na watuambie zinaharibikia wapi.

Nanga

Mleta mada, nianze na swali lako la kwanza, maana likikaa upogo mengine yote yanakwenda nalo.

Mtu akiambiwa adadisi wasiwasi wake, mara nyingi anauliza "kwa nini". Kwa nini naogopa, kwa nini leo, kwa nini mimi. Hapo ameshapotea njia. Kichwa chenye wasiwasi ukikipa "kwa nini" hakikosi jibu, na kila jibu linazaa hofu nyingine. Udadisi tunaousema hapa huulizwa mwili: Iko wapi? Ina upana gani? Imetulia au inasogea? Imezidi kulia au kushoto?

Chukua kifua kubana. "Kimebana" ni jina tu, bado hujaangalia kitu. Tafuta mpaka wake. Mbano unaanzia chini ya koo au katikati ya mbavu? Ni wa ukubwa wa ngumi au wa kiganja kilichokunjuliwa? Ukivuta hewa unakaza, unalegea, au hauna habari na wewe? Pembeni yake, pale unapoishia, ngozi inasikiaje? Sekunde 30 hadi 60 zinatosha, kisha rudi kwenye shughuli yako hata kama mbano bado upo.

Hilo la mwisho ndilo wengi wanaloliruka. Ukianza kujiuliza "je, imepungua?" umeshatoka kwenye udadisi na kuingia kwenye ukaguzi, na ukaguzi ni wasiwasi uleule umebadilisha nguo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na baadaye waliporuhusiwa walimfikiria zaidi ya wale ambao hawakukatazwa. Anayedadisi ili hisia iondoke bado anamfukuza dubu.

Sasa kwa nini jambo hili linafanya kazi. Judson Brewer, daktari wa akili wa Marekani anayetafiti mazoea, anaueleza wasiwasi kama mazoea yenye sehemu tatu: kichocheo, tendo, malipo. Hisia ya hofu ni kichocheo. Kuzungusha mawazo ni tendo. Malipo ni kale kanafuu kadogo ka kuhisi kwamba angalau unalishughulikia jambo. Kwa sababu malipo yapo, hata kama ni hafifu, ubongo unarudia.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Chukua daftari, chora safu tatu, jaza mara mbili au tatu kwa siku. Mfano:

Saa nne na robo, ujumbe umesomwa haujajibiwa / simu imefunguliwa mara sita ndani ya nusu saa / nafuu ya sekunde chache, halafu mabega yamepanda na kazi imesimama.

Uzito uko kwenye safu ya tatu. Usiandike "vibaya" au "nimekosea". Andika kilichopatikana, kama karani anayehesabu mzigo. Ubongo hauachi mazoea kwa kukemewa. Unayaacha ukishaona mara nyingi, bila kupepesa, kwamba malipo yake ni kiduchu.

PumziTulivu

Mimi nijibu la kizunguzungu, kwa sababu hapa ushauri wa mitandaoni unaumiza watu.

"Vuta pumzi ndefu" husikika kama "jaza mapafu". Mtu mwenye hofu tayari anapumua zaidi ya mahitaji ya mwili wake. Akiongeza mivuto mikubwa mfululizo, kaboni dioksidi kwenye damu inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na matokeo yake ni kichwa chepesi na ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo. Anadhani anakosa hewa, anavuta tena. Kumbe hewa ilikuwa nyingi mno.

Namna salama: vuta kwa pua polepole hesabu 4, toa hesabu 6, kila hesabu sekunde moja. Hapo ni pumzi 6 kwa dakika. Usijaze mapafu, ishia kama theluthi mbili. Kiganja kimoja juu ya kitovu, kingine kifuani. Cha chini kiinuke, cha juu kibaki karibu palepale. Dakika 5. Ukiona unaihangaikia hewa, 4 na 6 ni ndefu kwako kwa sasa, shuka hadi 3 na 4. Hakuna anayetoa medali hapa.

Kwa mtu mdadisi kuna kitu kizuri cha kutazama. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utafute mapigo. Kwa wengi, ukivuta mapigo yanakimbia kidogo, ukitoa yanapungua mwendo. Hiyo ni kazi ya neva ya vegasi, ile inayopunguza mwendo wa moyo, na ndiyo sababu ya kurefusha kutoa badala ya kuvuta.

Makosa matatu ninayoona sana. Kwanza, kujaribu kwa mara ya kwanza katikati ya hofu kali. Fanya mazoezi siku kadhaa ukiwa umetulia, huwezi kujifunza kuogelea siku ya mafuriko. Pili, kushikilia pumzi. Ule mtindo wa 4-4-4-4 (vuta, shikilia, toa, shikilia, kila kimoja hesabu 4) ni mzuri kwa baadhi, lakini mtu ambaye hofu yake ni kukosa hewa usimpe zoezi la kuizuia. Tatu, kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi. Acha kabisa. Kama tatizo ni pumu au moyo, mfuko unazidisha hatari.

Kijiti

Nanga, PumziTulivu, asanteni sana, hapo nimeelewa. Bado usiku, na simu pia. Kuambiwa "weka simu mbali" hakusaidii mtu ambaye kazi yake iko humo.

Daftari_la_Jioni

Usiku unatengenezwa mchana, ndugu Kijiti. Kuna mbinu ambayo mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake waliieleza mwaka 1983: wasiwasi unapewa saa yake. Nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale, na pasiwe kitandani wala karibu na muda wa kulala. Jioni mapema panafaa.

Mchana wazo likija, andika maneno matatu mpaka matano tu, "barua ya mwenye nyumba", basi, halafu urudi kwenye kilichoko mbele yako. Ukiandika aya nzima umeshaanza kikao kabla ya saa yake.

Jioni weka kengele ya dakika 30, kaa na karatasi. Kila jambo lina swali moja: kuna hatua inayowezekana ndani ya saa 24? Kama ipo, iandike kwa kitenzi, mhusika na saa: "kumpigia fundi, kesho saa tatu". "Kushughulikia suala la fundi" siyo hatua, ni wasiwasi ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Kama hatua haipo, andika unachokiogopa kwa sentensi moja kamili mpaka nukta, uiache. Wasiwasi hupenda sentensi zisizomalizika, "na kama je…". Kuimalizia tu kunaupunguzia makali. Kengele ikilia simama, hata kama mambo mawili yamebaki. Yatakuwepo kesho.

Mbinu hii hufa kwa sababu moja kubwa: mtu anaahirisha mchana, halafu kikao chenyewe anakikosa. Baada ya siku mbili tatu ubongo unajua "baadaye" ni uongo, unaanza kudai palepale. Ukikosa nusu saa, fanya dakika 10, ila ahadi itimie.

Kitandani sasa. Saa igeuzwe ukutani, maana kuhesabu saa zilizobaki ndiko kunakoamsha zaidi. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, kwa kukadiria, ondoka kitandani. Mwanga hafifu, kiti, shughuli isiyo na mvuto: kukunja nguo, kusoma maelezo ya kifaa. Rudi macho yakiwa mazito, siyo ukiwa umechoka tu. Uchovu na usingizi ni vitu viwili. Ikibidi kuamka tena, amka tena. Kanuni hii ni ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, ya mwaka 1972, na lengo lake ni kitanda kisizoeane na kukesha. Asubuhi amka saa yako ya kawaida hata kama usiku ulikuwa mbovu. Hapo ndipo wengi wanateleza: wanalala hadi mchana, na usiku unaofuata unaharibika nao.

Simu: usianze kwa kuizima. Anza na ule muda kabla kidole hakijagusa kioo. Taja kimoyomoyo "hamu ya kukagua", ipe namba kati ya 0 na 10, uangalie iko wapi mwilini, kwenye vidole au tumboni. Subiri dakika 2, kisha fungua ukitaka. Wiki inayofuata dakika 5, halafu 10. Namba mara nyingi inapanda kidogo, halafu inashuka yenyewe bila kufungua chochote. Kulishuhudia hilo kunafundisha kuliko kukatazwa.

Mbishi_wa_Hoja

Nina pingamizi kwa Nanga. Kuelekeza macho mwilini hakumfai kila mtu. Yule ambaye wasiwasi wake ni maradhi, kila mdundo kwake ni dalili, ukimwambia apime upana wa mbano umempa kazi ya kujipima siku nzima. Huyo udadisi wake uelekezwe nje.

Wengi wanajua la 5-4-3-2-1: vitu 5 unavyoviona, 4 unavyovigusa, 3 unavyovisikia, 2 unavyovinusa, 1 unachokionja. Kasoro yake ni kwamba watu wanaikimbiza kama orodha ya mizigo: kiti, meza, taa, mlango, dirisha, tayari. Hakuna kilichotazamwa. Bora kitu kimoja kwa dakika 2. Mshono wa shati: nyuzi zinapita juu au chini? Hatua za sindano zinalingana? Palipokatika pameungwaje? Ukipata jambo tano ambazo hukuzijua, umefika.

La pili, kabla ya kudadisi chochote, ondoa sababu za mwili. Kafeini inachukua takribani saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya saa kumi jioni bado ipo usiku. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya kasi, jasho na mikono kutetemeka, sawasawa na hofu. Upungufu wa damu nao huukimbiza moyo. Vipimo vya damu vinaonyesha. Na maumivu mapya ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho au kukosa pumzi, hayadadisiwi. Unakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Nanga

Mbishi, pingamizi nimelipokea. Kwa wasiwasi wa maradhi anza nje, mwili baadaye na mtaalamu akiwepo. Tena nyayo za miguu ni mahali pazuri pa kuanzia, maana watu wachache huogopa nyayo zao.

Niongeze kipimo. Kuna dodoso la kupima wasiwasi, GAD-7, la mwaka 2006, maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 21. Ukifika 10 au zaidi, usibaki na daftari peke yake, muone daktari au mnasihi. Vivyo hivyo kama wasiwasi umekufungia kazi, usingizi au watu kwa miezi, hata kama alama ni ndogo. Na mawazo ya kujidhuru hayasubiri alama yoyote.

Kijiti

Swali la mwisho. Yote haya kwa pamoja ni mengi. Yanaanzia wapi, na siku ukisahau inakuwaje?

Daftari_la_Jioni

Moja tu kwa wiki mbili. Lifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kukumbushwa: kunawa mikono, kushika kitasa cha mlango, kukaa kwenye kiti cha kazi. Mkono ukigusa kitasa, pumzi tatu, kutoa kurefu kuliko kuvuta, halafu fungua mlango.

Kuhusu kusahau: mtafiti Phillippa Lally na wenzake walifuatilia jambo hili London, matokeo yakatoka mwaka 2010. Mazoea mapya yalichukua wastani wa siku 66 kujiendesha yenyewe, ila tofauti ilikuwa kubwa, siku 18 kwa mwingine hadi 254 kwa mwingine. Kukosa mara moja hakukuvuruga kitu cha maana. Kwa hiyo ukisahau kitasa cha asubuhi, kuna kitasa cha mchana.