Anga ya kompyuta haikubaliani na ya nje: jua linawahi kuchwa, paa zinapepesa, joto linazidi

Kilimia_Saba:
Wakuu, salaam. Naunda dunia ya kompyuta ambayo anga yake inafuata anga halisi: jua, nyota, mvua na ukungu kutoka rekodi zangu za hali ya hewa. Mambo matatu yamegoma.

Kwanza, jua la ndani linakuchwa mapema kuliko la nje, na tofauti haitulii. Katikati ya Februari linawahi kwa dakika 45 hivi, mwanzoni mwa Novemba dakika 15 tu. Upeo wa macho ni tambarare. Natumia sin h = sin φ · sin δ + cos φ · cos δ · cos H, ambapo h ni mwinuko wa jua juu ya upeo, φ ni latitudo, δ ni nyuzi za jua kaskazini au kusini mwa ikweta, na H, pembe ya saa, = (saa − 12) × 15.

Pili, nyota nimezitengeneza kama tufe ndogo zilizo umbali wa mita 1,000,000. Ili zionekane nilisogeza mpaka wa mbali wa kamera (kinachouzidi hakichorwi), na wa karibu (kilicho ndani yake hakichorwi) nikauacha mita 0.01. Sasa paa na vilima vya mbali vinapepesa, na nyota zenyewe zinawaka na kuzimika kamera ikigeuka.

Tatu, kipimajoto kilicho ndani ya kasha jeupe la plastiki ukutani kinasoma nyuzi 4 au 5 zaidi mchana kuliko kile cha mkononi kinachopungwa kivulini. Na kipimamvua cha kidoo kinachopinduka (mm 0.2 kila pindu) kinatoa kidogo kuliko chupa ya faneli iliyo kando yake.

Mpiga_Pembe:
Fomula ya mwinuko haina kosa. Kosa liko kwenye H. Umeichukulia saa ya ukutani kuwa saa ya jua, na hizo ni mbili tofauti.

Namba zako zenyewe zinajieleza. Kuna sehemu isiyobadilika na sehemu inayoyumba. Isiyobadilika inatokana na longitudo: saa za ukanda zinafuata meridiani moja (mstari mmoja wa longitudo), na kila nyuzi 1 magharibi mwake jua linachelewa dakika 4. Kwako inakaribia dakika 28, kwa hiyo uko kama nyuzi 7 magharibi mwa meridiani ya ukanda wako. Angalia ramani, nadhani utakuta hivyo. Inayoyumba inatokana na njia ya dunia kuzunguka jua, ambayo si duara kamili, na mhimili wake ulioinama: katikati ya Februari jua linachelewa kama dakika 14, mwanzoni mwa Novemba linawahi kama dakika 16.

Tumia hivi, n ikiwa namba ya siku ya mwaka na E ile sehemu inayoyumba:

B = 360/365 × (n − 81)
E = 9.87 sin 2B − 7.53 cos B − 1.5 sin B (dakika)
Saa ya jua = saa ya ukutani + [4 × (longitudo − meridiani ya ukanda) + E] / 60
H = (saa ya jua − 12) × 15

Mashariki ni chanya, magharibi hasi. B iko kwa nyuzi, na lugha nyingi za programu zinataka radiani, kwa hiyo geuza kabla ya kuita sin.

Utabaki na dakika 3 na ushee. Hizo ni za hewa. Tunasema jua limekuchwa ukingo wake wa juu unapopotea, na hewa inapinda mwanga, kwa hiyo kitovu cha jua kinakuwa tayari kiko nyuzi 0.833 chini ya upeo. Zima mwanga kwenye h = −0.833, si kwenye sifuri.

Kwa upande jua liliko usitumie acos (kinyume cha cos), haitofautishi asubuhi na jioni. Chukua A = atan2(−cos δ · sin H, sin δ · cos φ − cos δ · cos H · sin φ), ikihesabiwa kutoka kaskazini kwenda mashariki. Karibu na ikweta, siku za jua la utosi, A itaruka ghafla kutoka mashariki hadi magharibi adhuhuri. Hilo si kosa. Jua linapita juu ya kichwa kwelikweli.

Fundi_Pikseli:
Ondoa hizo tufe. Nyota hazina haja ya umbali, zina haja ya mwelekeo tu. Tengeneza kuba la nusukipenyo chochote, hata mita 100, lifuate mahali kamera ilipo lakini lisigeuke nayo. Lichore kwanza kabla ya kitu kingine chochote, bila kuandika kina (umbali wa kila pikseli kutoka kwenye kamera). Vingine vyote vitachorwa juu yake.

Ukishafanya hivyo rudisha mpaka wa mbali ulipokuwa, ingawa mchawi wa paa zako ni mpaka wa karibu. Kwa kina cha biti 24, pengo dogo ambalo kamera inaweza kulitambua ni takriban umbali mara umbali, gawa kwa (mpaka wa karibu × 16,777,216). Kwa 0.01, kwenye mita 2,000 pengo ni kama mita 24! Ukuta na paa vinagombea nafasi moja. Weka 0.3 na pengo linashuka chini ya mita 1.

Nyota kuzimika ni kwa sababu ni ndogo kuliko pikseli. Usiipe yoyote ukubwa chini ya pikseli 1 au 2. Iliyo hafifu ipunguzie mwanga, si ukubwa. Kila ngazi 1 ya mng'ao ni mara 2.512, kwa hiyo nyota ya ngazi ya 6 ina mwanga 1/100 wa nyota ya ngazi ya 1.

Kuba lizunguke mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Ukilizungusha kwa saa 24 kamili, hutaona kosa siku ya kwanza, lakini baada ya mwezi Kilimia kitachomoza saa 2 nyuma ya cha kweli.

Kopo_la_Mvua:
Kasha jeupe halitoshi. Plastiki iliyofungwa inakusanya joto, na ukuta unalirudisha. Kipimajoto kinataka hewa ipite: sahani nyeupe 6 hadi 8 zilizopangwa kwa kuachana sentimita 2 hivi, zote za kati zitobolewe isipokuwa ya juu, kihisio katikati bila kugusa chochote. Kiwe mita 1.25 hadi 2 juu ya majani mafupi, mbali na ukuta na saruji. Saketi na betri ziwekwe nje ya sahani, nazo zinatoa joto. Ukungu wako unategemea pengo kati ya joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutunga), kwa hiyo nyuzi 4 za ziada zinaufuta kabisa.

Kidoo kusoma pungufu mvua ikiwa kubwa ni kawaida: maji yanayoingia wakati kinapinduka yanapotea. Iamini chupa kwa jumla ya siku, kidoo kwa wakati tu. Zidisha kila pindu la siku hiyo kwa jumla ya chupa ÷ jumla ya kidoo. Faneli ya kipenyo cha sentimita 16 inakamata mililita 20.1 kwa kila mm 1 ya mvua. Vyote viwili vikae mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake.

Pindu moja peke yake alfajiri usiligeuze mvua kwenye dunia yako, mara nyingi ni umande. Jumlisha dakika 10, zidisha kwa 6: chini ya mm 2.5 kwa saa ni manyunyu, zaidi ya 10 ni mvua kubwa.

Mpiga_Pembe:
Nyongeza: kama daftari limeandikwa kwa saa za Kiswahili, saa 3 asubuhi iingie kwenye faili kama 09:00 na saa 3 usiku kama 21:00. Ikiingia 03:00, mvua ya asubuhi itanyesha gizani na hakuna fomula itakayolalamika.